Joto la Waya wa Kuchomelea

Mnaomcheka Anania kwa koti lake, chekeni, lakini mkimaliza njooni mniulize mimi. Koti zito la sufu, rangi ya majivu, limejaa matundu ya cheche kama chekecheke, na analivaa hata Desemba wakati sisi wengine tunajipepea kwa vifuniko vya sufuria. Vijana wanamwita Mzee Koti. Haya. Mimi nimewapikia chai mafundi wa gereji ile ya Lyamkena, hapa Makambako, tangu miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, tangu Maua wangu ana meno mawili, na hakuna anayezijua habari za koti lile kunizidi. Kaeni basi. Nasimulia huku nakanda unga, na msinikatize.

Anania ni Mbena, fundi wa kuchomelea vyuma. Zamani alikuwa ameajiriwa Njombe kwenye karakana ya shirika moja la umma, na shirika lile lilikuwa linawavisha watu wake. Ovaroli, buti, glavu za ngozi, aproni, na koti la baridi. Kisha ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi. Mashirika yakafungwa, mengine yakauzwa, watu wakarudishwa majumbani. Siku ya mwisho mtunza stoo alisimama mlangoni akawavua kila kitu kilicho mali ya shirika, Anania akatoka na shati. Mwezi wa saba huo, na Njombe! Jamani, hata mbwa Njombe mwezi wa saba unamwonea huruma.

Ndipo akashuka Makambako kwa Bwana Musa. Bwana Musa alikuwa mwenye malori, mtu wa Kigoma, na biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye lori anapakia mahindi na mbao na mitumba bila kumwomba mtu kibali. Barabara ndiyo ilikuwa haijapata habari hizo. Matrela yalikuwa yanafika gerejini yamepasuka tumbo, na Anania anayashona kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Bwana Musa si mtu mbaya, ila ukimwomba glavu anacheka. "Fundi wangu," anakwambia, "hapa si serikalini." Basi, ndiyo imetoka hiyo.

Sasa sikilizeni habari ya waya, maana ndiyo kisa chenyewe. Mashine ya kuchomelea ina waya mnene, unatoka kwenye mashine unakwenda mpaka kwenye kile kishikio cha fundi. Ukichomelea muda mrefu, umeme unaopita mle unaupasha moto. Si wa kuunguza, ni joto zuri tu, kama la kuku anayeatamia. Na ninyi mnaujua upepo wa Makambako. Unaingia kwa huku unatokea kwa kule, unakusalimia mpaka mfupa. Mafundi walifanyaje? Waliutupia waya ule begani, wakauzungusha kifuani, wengine mpaka shingoni, wakafanya kazi wamejifunga joto. Dulla, fundi mwenzake Anania, alikuwa anajizungushia mpaka kiunoni na kusema huyo ndiye mke wake wa Makambako, wa Tanga asiambiwe. Tulicheka sana. Hata mimi nikipeleka chai nilikuwa naushika kidogo nipashe vidole. Lakini hakuna aliyejifunga kama Anania, kwa sababu hakuna aliyekuwa na baridi kama yake. Mwenzangu yule alikuwa amebaki na shati.

Mwaka wa tatu akaanza kuumwa. Si ugonjwa wa kulala. Ni ule wa kukutafuna huku unatembea. Mafua hayaishi, jipu likipona hapa linaota kule, vidonda mdomoni, uchovu. Nilikuwa namwona anakaa kwenye benchi langu, kikombe mkononi, chai inapoa hajaigusa. "Anania, unaota?" namuuliza. "Nimechoka tu, Mama Maua." Kila siku jibu hilohilo. Halafu ukaja mkanda wa jeshi. Malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mbavu, kuanzia mgongoni mpaka karibu na kitovu, hawezi hata kuvaa shati.

Mlioishi miaka ile sina haja ya kuwaeleza. Makambako tulikuwa tunazika. Kituo cha malori kile, watu wanatoka kila pembe, na kila familia ilikuwa na kitanda chake cha mgonjwa. Mtu akikonda, keshahukumiwa. Akipata mkanda wa jeshi, hukumu imepigwa muhuri. Wala hakuna aliyetamka jina la ugonjwa. Walikuwa wanasema "amekanyaga waya". Na Anania kwa kazi yake alikuwa anausikia usemi ule mara kumi kwa siku, sijui aliuvumilia vipi.

Alikwenda kupima. Hiyo muiandike vichwani mwenu. Alikwenda hospitali ya misheni mwenyewe, kwa miguu yake, wakati watu wengine wanakimbia sindano kama kuku. Majibu yakatoka hana. Akarudia baada ya miezi, hana. Alikuja akaniambia akitetemeka kwa furaha, nami nikapiga vigelegele pale jikoni mpaka chapati ikaungua. Lakini nani aliamini? "Amewahonga," akasema mmoja. "Mashine zao mbovu," akasema mwingine. Dulla akahamisha vifaa vyake upande wa pili wa uwanja. Siku moja dereva akaja kwenye banda langu akaniuliza, "Mama Maua, kikombe cha yule jamaa ni kipi, nisije nikakipata?" Nilipandwa na hasira, wallahi. Anania alikuwa palepale. Nikachukua kikombe mkononi mwake, nikanywa chai yake mpaka mashapo, nikamwambia yule dereva, "Hiki hapa. Na kesho ndicho utakachonywea wewe, usipotaka kanywe mtoni." Hakurudi tena. Aende zake.

Lakini mkwe wake sikuweza kumnywesha kwa nguvu. Anania alikuwa na mke, Brightness, binti wa Mzee Elius wa Matembwe, na mtoto wao wa kike, Ema. Watu wa Kilutheri, walifunga ndoa kanisani, kwaya mbili. Habari za mkanda wa jeshi zilipanda na magari ya mbao mpaka Matembwe, na mzee yule akashuka nazo. Alifika amevaa koti lake la kanisani, akakaa dakika chache, hakugusa maji. "Namchukua mwanangu angali mzima," alisema. Brightness alilia, akamtazama mumewe aseme neno. Anania alikuwa ameinama anajikuna mbavu. Wakaondoka na mtoto mgongoni.

Tangu siku ile Anania alikuwa na jambo moja tu moyoni, mkewe na mtoto warudi. Na alijua kinachohitajika. Mzee Elius alikuwa amemtumia ujumbe kupitia mzee wa kanisa: kama si ugonjwa huo, basi ni upi? Alete jina lake, mke atarudi. Kumbe kuwa mzima hakutoshi, mpaka uwe na sababu.

Ndipo akaja Dakta Anjela.

Alikuja na gari jeupe kutoka Dar es Salaam, mwanamke mwembamba, mpole, amevaa masweta mawili na bado meno yanagongana. Alisema anachunguza afya za mafundi, anapima sumaku. Sisi tukatazamana. Sumaku gani, mama? Akatoa kidude kama redio ndogo, akakisogeza kwenye waya wa Anania, Anania amejifunga kama kawaida yake. Namba zikapanda. Dakta akakunja uso, akakipigapiga kile kidude, akapima tena.

"Huu waya, hamwezi kuuacha chini?" aliuliza.

"Baridi, dakta," akajibu Dulla. "Huyu ni mke."

Basi akatuonyesha. Akamwambia Anania auzungushe waya mizunguko kadhaa chini, akaweka karatasi juu yake, akanyunyiza unga wa chuma ule unaobaki mtu akisaga kwa tupa. Dulla akaanza kuchomelea. Loo! Unga ule ulisimama kama nywele za mtu aliyeona chui, ukawa unatetemeka wenyewe. Nilisema Astaghfirullah nikarudi nyuma. Dakta akaeleza kwamba umeme ukipita kwenye waya, sumaku inauzunguka, hamuioni wala hamuisikii, na fundi aliyejifunga waya anakuwa ndani yake mchana kutwa. Mwili wa mtu una askari wake, akasema, wapo ndani ya damu, wanapigana na magonjwa. "Wapo wataalamu wanaoshuku kwamba sumaku hii, kwa miaka mingi, inawachosha wale askari. Wengine wamepima hawakuona kitu. Ndiyo maana tumekuja kuuliza."

Anania alisikia nusu ya kwanza tu. Nilimwona. Uso wake ulifunguka kama dirisha la nyumba iliyofungwa siku nyingi.

Dakta alipotaka damu ya kupima hao askari, gereji ilibaki tupu. Dulla alikumbuka ghafla kwamba ana msiba. Anania peke yake alikunja mkono wa shati akautoa, akawa anaitazama damu yake inavyopanda kwenye kichupa kana kwamba inakwenda kumletea mkewe.

Majuma yakapita, Dakta akarudi. Walikaa kwenye benchi langu, kwa hiyo msiniulize nilisikiaje. "Huna virusi," alisema. "Hilo umeshajua. Askari wapo, wamepungua kidogo kuliko nipendavyo. Kwa nini wamepungua, siwezi kusema."

"Si sumaku?"

"Sijui, Anania."

"Lakini uliona mwenyewe. Ule unga ulisimama!"

"Unga wa chuma ulisimama. Damu yako si unga wa chuma. Mtu mmoja hatoshi kujua. Waya usiuvae tena, hilo nakushauri kwa nguvu zote, kwa sababu huhitaji kusubiri sisi tumalize kubishana. Ila kusema ndio uliokuuguza, nitakuwa nakudanganya."

Anania akamwambia habari za Matembwe, taratibu, bila kulia. Akamwomba aende naye amwambie mzee ni sumaku. Neno moja tu. Dakta akatikisa kichwa, macho yamemlegea. Hapo mimi nikaweka mwiko chini. "Dakta," nikasema, "wewe umekuja na chupa zako umechukua damu ya mtu huyu, wa pekee aliyekupa. Sasa yeye anaomba mdomo wako, unamnyima? Mtoa damu naye hastahili hata kusindikizwa?" Mwisho akasema, "Nitakwenda. Lakini nitasema ninachokijua, basi."

Jumamosi tukapanda gari lake, sisi watatu na dereva. Mimi nilikwenda kwa sababu Anania hana mama, na kwa sababu nani angenizuia? Mashamba ya chai yakapita, misitu ya mbao ikapita, ukungu umelala barabarani hautaki kuamka. Anania alikuwa amekumbatia mikono yake, anatetemeka, hana waya na hana kitu kingine.

"Kamwene," tulisalimia uani. "Kamwene," wakaitika, na Kibena changu kikaishia hapo. Mzee Elius alitukaribisha sebuleni kwa adabu. Mama mkwe akaleta chai na viazi. Sisi tukapewa vikombe vya udongo vyenye maua. Anania akapewa kopo, lile la maziwa ya unga, limekatwa mdomo. La kutupwa baadaye. Aliliona, nami nililiona, na Dakta aliliona akaweka kikombe chake chini. Brightness alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mtoto mgongoni, amekonda kuliko mumewe.

Dakta akaongea vizuri. Akasema damu ya Anania imepimwa mara tatu, haina virusi. Akasema mkanda wa jeshi humpata hata mtu asiye na virusi, mwili ukichoka sana. Akaeleza waya na sumaku.

"Kwa hiyo ni hiyo sumaku," akasema Mzee Elius, akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza.

Nilimwomba Mungu dakta adanganye. Nasema wazi, niliomba.

"Inawezekana, mzee. Inawezekana pia siyo. Hatujajua."

Mzee akageuka kwa Anania. "Ulijifungia waya wa umeme mwilini kwa nini?"

"Baridi, baba."

"Huna koti?"

"Nilikuwa nalo la kazini. Walipotupunguza walilichukua."

Kuku akaingia, akafukuzwa. Mzee alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja. Si mkatili yule, naomba mnielewe. Alikuwa amezika watoto wawili wa kiume miaka ile, makaburi yao yako nyuma ya nyumba palepale, migomba haijawahi kukua ikayaficha. Alikuwa anaogopa.

"Dakta," akasema, "umetoka mbali, na unaniambia mtu huyu anaumwa kuchoka. Kuchoka si ugonjwa. Sisi wote hapa tumechoka."

Anania akasimama. Kopo lake lilikuwa bado limejaa. "Baba," alisema, "nilitafuta sababu ya kukuletea, nimekosa. Sina ule ugonjwa na sina sababu. Nimechoka tu, na namtaka mke wangu." Akakaa tena, akajifunika uso. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, kamasi na yote.

Brightness akatoka mlangoni. Akapita mbele ya baba yake, jambo ambalo kule mtoto halifanyi, akachukua lile kopo mezani, akanywa. Alikunywa polepole mpaka mwisho, mama yake ameshika mdomo. Akaliweka kopo chini.

"Kama wote tumechoka, baba," alisema, "basi mimi nakwenda kuchokea kwangu."

Akaingia ndani, akatoka na kifurushi. Kilikuwa kimeshafungwa, kwa hiyo msiniambie aliamua wakati ule. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyeaga. Tukatoka, tukajipanga garini, mtoto Ema akapakatwa na baba yake akaanza kumvuta pua. Dereva akawasha gari.

Mara kioo kikagongwa. Mzee Elius. Amesimama kwenye ukungu na shati tupu, koti lake la kanisani mkononi. Dereva akashusha kioo, mzee akalisukuma lile koti ndani, likamwangukia Anania na mtoto.

"Vaa," alisema. "Makambako kuna upepo. Na huo waya wako uuache chini."

Tukaondoka. Anania hakulivaa njia nzima, alilifunika kwa mtoto. Kulipokucha akaja nalo kazini, waya ameutandaza ardhini, na cheche ya kwanza ikatoboa tundu hilo mnaloliona begani. Mafua bado yanamshika, siwadanganyi. Dakta hakurudi tena na mimi sumaku siijui. Dulla aliendelea kujifunga waya wake miaka yote na hakupiga hata chafya, mchawi yule. Na Mzee Elius, mpaka siku anazikwa, alikuwa anakwenda kanisani Matembwe kwa shati, akiulizwa koti liko wapi anasema amelisahau kwa mkwewe.